Barakoa Bila Viatu: Siku Sumu Ilipowanyeshea Askari wa Ethiopia

Kiangazi kikishika kasi Kikuyu, pale Dodoma, upepo ukianza tu kurusha vumbi kila mtu anajiongeza. Dada anavuta mtandio hadi puani, bodaboda anashusha kioo cha helmeti, maisha yanasonga. Kwa vumbi, kitambaa kinatosha. Balaa linaanza pale hewa inapogeuzwa silaha.

Askari wa Ethiopia walilijua hilo Desemba 1935. Italia ya Mussolini ilikuwa imewavamia tangu Oktoba, na jeshi la Ras Imru lilikuwa kaskazini, karibu na mto Takaze. Mabomu walishayazoea: ndege ikitokea unajificha, ikipita unaendelea na safari. Siku hiyo ndege zikadondosha mapipa. Hakukuwa na mlipuko mkubwa, yalipasuka tu na kumwaga majimaji. Waliorukiwa mikononi, usoni na miguuni wakatoka malengelenge. Wengine wakakimbilia mtoni kunywa maji, kumbe nayo yameshaingia sumu.

Hiyo ndiyo gesi ya haradali. Inaitwa gesi, lakini kiukweli ni majimaji yenye mafutamafuta. Inakaa kwenye nyasi na udongo, inapenya nguo na hata ngozi ya kiatu. Sasa fikiria: askari wengi wa Ethiopia walivaa mashuka ya pamba na kutembea peku.

Ulaya walikuwa wameshalipia somo hili. Aprili 22, 1915, Wajerumani walipofungulia klorini pale Ypres, Ubelgiji, kuna askari walijiokoa kwa vitambaa vilivyoloweshwa mkojo. Kabla vita haijaisha, zikaja barakoa zenye chujio la mkaa. Ndiyo, mkaa! Vitundu vyake vidogo vinanasa sumu kabla haijafika mapafuni. Ila haradali ilipoingia vitani 1917, ikaonekana barakoa peke yake haitoshi, maana hii inaingilia ngozini.

Addis Ababa, wanawake ambao wengi wao majina yao hayajulikani walikaa chini wakashona barakoa za kitambaa kwa ajili ya askari wao. Kazi ya upendo kabisa. Lakini barakoa ingeusaidia nini mguu uliokanyaga nyasi zenye sumu?

Kinga yenyewe ina masharti yake. Usikanyage wala kushika palipomwagika. Usikimbilie shimoni, kwa sababu mvuke wa haradali ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia chini. Vua nguo haraka, nawa kwa maji mengi na sabuni. Na pango sio kimbilio: mwaka 1939 wapiganaji wa Ethiopia waliojificha na familia zao kwenye pango la Zeret walifuatwa humo humo na gesi.

Askari wa leo mwenye vifaa anafunikwa mwili mzima: barakoa, glavu, viatu vya mpira, na suti yenye tabaka la mkaa ndani. Jeshi la Marekani linataka askari awe ameshavaa barakoa yake ndani ya sekunde 9. Kwa sumu ya mishipa ya fahamu anabeba sindano ya atropini ya kujichoma mwenyewe pajani. Kwa vijidudu kama kimeta, anachanjwa kabla hajaenda vitani. Ukiangalia vizuri, karibu kila kitu hapo kinaandaliwa mapema. Sumu ikishatua, muda wa kujipanga umekwisha.

Kulikuwa na kinga nyingine, ya karatasi. Mkataba wa Geneva wa 1925 ulipiga marufuku silaha hizi, na Italia na Ethiopia zote zilikuwa zimeukubali. Juni 30, 1936, Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Umoja wa Mataifa ya wakati ule, akaeleza jinsi ndege zilivyonyunyizia watu wake sumu kama mvua. Alisikilizwa, kisha vikwazo dhidi ya Italia vikaondolewa.

Mwaka 1941 vijana wa Tanganyika, wakiwa na sare za KAR, walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyowatoa Waitaliano Ethiopia. Lakini wizara ya ulinzi ya Italia ilikuja kukiri kwamba gesi ilitumika mwaka 1996. Miaka 60 baadaye, wengi wa wale waliotembea peku walikuwa wameshazikwa na makovu yao.