Ndabibi: Ardhi Kabla ya Hati

Wachumi wengi wa maendeleo hushikilia kwamba hatimiliki humpa mkulima mkopo, na mkopo humpa mavuno. Ndiyo hoja iliyobeba Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni ya Kenya. Historia ya Ndabibi, uwanda ulio kati ya Ziwa Naivasha na miinuko ya Mau, inaidhoofisha. Wamaasai walichunga huku hadi mkataba wa 1904 ulipowahamisha kutoka Bonde la Ufa, na sheria ya 1915 ikawapa walowezi ukodishaji wa miaka 999. Hapo ndipo mlowezi Gilbert Colvile alipofuga ng'ombe wa Boran, akiwategemea wachungaji wa Kimaasai: ujuzi wao ulibaki kazini, haki yao ya malisho ikafutwa.

Watetezi wa mashamba makubwa watasema ufugaji ule ulizaa mifugo bora. Ni kweli, lakini mafanikio yale hayakutoka kwenye hati peke yake. Serikali ilikuwa imewaondoa wenyeji, imejenga reli, na kwa kodi ya nyumba na kipande (kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi) imewasukuma Waafrika kwenye vibarua. Mwafrika aliyepewa hati baadaye hakurithi msaada huo. Utafiti wa Place na Migot-Adholla wa 1998 uliona kwamba usajili wa ardhi Kenya haukuongeza mikopo wala mavuno kwa kiasi cha maana. Sera inayohesabu hati zilizotolewa, bila kuuliza nani ana barabara, maji na soko, inapima kitu kisichofaa.