Caravan na Njia ya Arua

Abiria wa Ayivu au Koboko, upande wa Arua kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayekwenda Kampala kwa basi hupita Nebbi, akavuka Nile pale Pakwach, akaivuka tena Karuma. Ni safari ya karibu kilomita 500 inayotegemea madaraja mawili. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, waasi wa Joseph Kony waliviziavizia magari kati ya Karuma na Pakwach, hata mabasi yakawa yanasubiri msafara wenye ulinzi wa jeshi. Wakati huo MAF, shirika la kimisheni la usafiri wa anga, lilikuwa Uganda tangu 1987, na kampuni ya ndege ya Eagle Air ikaanzishwa 1994. Kwa hiyo anayesema ndege za Arua zililetwa na anasa ya wenye pesa hajaitazama barabara. Zilikuja kwa sababu barabara kuu ilikuwa moja, nayo ilikuwa ikimwaga damu.

Ndege iliyoifaa njia hii kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Cessna 208 Caravan, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1982 huko Marekani. Kasi yake ni ya kawaida tu. Siri yake ni mafuta: ndege kama Cessna 206 zinataka petroli maalumu ya ndege, adimu na ghali mbali na miji mikubwa, ilhali injini ya turbini ya Caravan hutumia mafuta yaleyale ya ndege kubwa za Entebbe. Magurudumu yake hayakunjwi, kwa hiyo hakuna mtambo wa kuyakunja wa kuharibika, na bawa lake, kwa kuwa liko juu, huepukana na kokoto za kiwanja cha murramu. Kabla ya kupanda, abiria hupimwa kwenye mizani pamoja na begi lake. Wengine huona haya, lakini katika ndege ya watu kumi na wachache tu, gunia moja likiwekwa nyuma isivyofaa huvuruga mizani ya ndege nzima.

Wapo wanaoogopa injini moja. Hofu hiyo ina haki yake, ila historia ya hapa karibu haiiungi mkono. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway alianguka karibu na maporomoko ya Murchison katika Cessna ya injini moja iliyogonga waya wa simu. Siku iliyofuata, ndege ya injini mbili iliyokuja kumchukua iliwaka moto ikijaribu kuruka Butiaba. Pingamizi zito zaidi ni nauli: muuza mihogo hapandi Caravan, na lami imeshafika Arua. Ni kweli. Hata hivyo mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa ukarabati, na mabasi yakalazimika kuzunguka. Kiwanja cha Arua kikitiwa lami, ndege kubwa zaidi zitakuja na huenda nauli ikashuka. Moyo na Adjumani, zenye viwanja vifupi, zitabaki kuihitaji Caravan.