Honi Imetoka Wapi?
Ukivuka barabara ya Isebania pale Suna, honi ya boda hufika sikio moja kabla ya jingine, tofauti isiyofika hata sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Ubongo hujifunza hesabu hiyo utotoni.

Mwaka 1957, Djourno na Eyriès waliamsha neva ya kusikia kwa umeme huko Paris. Mwaka 1961, Bondo ikapata shule ya viziwi ya Nyang'oma. Mwaka 2010, Katiba ikaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya.

Aliyeziwika mapema, akacheleweshewa vipandikizi viwili, husikia honi, lakini upande ilikotoka mara nyingi humchenga. Sasa mtoto angoje nini? Vipandikizi vikichelewa, ishara zisichelewe.