Homa Isiyokwisha kwa Mgonjwa wa Moyo: Uifahamu Endokaditisi

Kipindi chetu cha afya kilipokea ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa mama mmoja wa kijijini. Binti yake, ambaye aligundulika na tatizo la moyo akiwa darasa la tano, alikuwa ameingia wiki ya tatu akiwa na homa. Kipimo cha malaria kilionyesha hana, lakini alipewa dawa mseto hata hivyo. Baadaye akanunuliwa antibaiotiki dukani. Homa ikashuka siku nne, kisha ikarudi. Mama alitaka kujua jambo moja tu: anunue dawa gani ya tatu?

Tulimjibu asinunue chochote, ampeleke binti hospitali yenye daktari siku hiyo hiyo, na abebe maganda ya dawa zote alizokwisha kumeza. Ujumbe wa simu hauna nafasi ya kueleza kwa nini, kwa hiyo tunaeleza hapa.

Kinachotokea ndani ya moyo

Moyo una milango minne ambayo hospitalini huitwa valvu. Hufunguka na kujifunga kama mara laki moja kwa siku, damu iende mbele isirudi nyuma. Endokaditisi ni uambukizo wa utando unaofunika moyo kwa ndani, na mara nyingi hushika kwenye valvu hizo. Wanaousababisha kwa kawaida ni bakteria, mara chache fangasi.

Bakteria huingia kwenye damu ya kila mmoja wetu mara kwa mara, hata wakati wa kupiga mswaki, na mwili huwamaliza kimya kimya. Valvu nzima ni laini, haina pa kushikia. Valvu yenye kovu ni habari nyingine. Damu hupita hapo kwa kasi na kuzunguka, kama maji ya mto yanapogonga nguzo ya daraja. Bakteria hunasa kwenye kovu, chembe zinazogandisha damu huwafunika, na polepole hujengeka kijinyama laini chenye bakteria tele ndani yake. Kwa kuwa valvu ina mishipa michache mno ya damu, askari wa mwili hufika hapo kwa shida, na dawa nayo hupenya taratibu.

Madhara huja kwa njia mbili. Valvu hutafunwa mpaka inatoboka au kuchanika. Damu inarudi nyuma, miguu inavimba, mgonjwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Hiyo ndiyo njia inayoua wengi. Njia ya pili ni vipande vya kile kijinyama kukatika na kusafiri na damu. Kikienda kwenye figo, mkojo unaweza kuwa na damu. Kikienda kwenye bandama, maumivu yanakuwa upande wa kushoto chini ya mbavu. Kikienda kwenye ubongo, mgonjwa anapata kiharusi. Msichana wa miaka ishirini akipooza upande mmoja ghafla, kijijini maneno ya kurogwa huanza kabla jua halijazama. Kama alikuwa na homa wiki kadhaa na moyo wake una historia, daktari aambiwe hayo yote mawili mara moja.

Kwa nini kwetu huwapata vijana

Ulaya, mgonjwa wa endokaditisi siku hizi mara nyingi ni mzee, mwenye valvu ya bandia au kifaa cha umeme kilichopandikizwa kwenye moyo. Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika, picha ni tofauti: wagonjwa wengi ni vijana, na kovu lililoalika bakteria lilianza kwenye koo.

Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anaumwa mafindofindo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoki. Asipotibiwa, kwa baadhi ya watoto mwili hukasirika kupita kiasi na kushambulia viungo na moyo wake wenyewe. Hiyo ni homa ya rumatiki. Magoti yanavimba, yanapona, familia inasahau. Valvu haisahau. Kila homa ya aina hiyo ikirudi, kovu linaongezeka. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo kuanza kuuma inazuia mlolongo huo wote. Kukata kimeo hakuuzii. Tunasema wazi kwa sababu bado wapo wanaompeleka mtoto mwenye koo kwa fundi wa kimeo, na kidonda kile chenyewe ni mlango mwingine wa vijidudu.

Ukubwa wa tatizo ulionekana katika utafiti uitwao REMEDY, ulioandikisha wagonjwa 3,343 wa moyo uliotokana na homa ya rumatiki kutoka nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemeni. Kenya, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi na Msumbiji zilikuwemo, yaani majirani zetu sita. Nusu ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na wanawake walikuwa karibu wawili kati ya kila watatu. Waliofuatiliwa kwa miaka miwili, takriban 17 kati ya kila 100 walikufa. Si wote walikufa kwa endokaditisi, lakini hawa ndio watu ambao valvu zao ziko tayari kuipokea.

Wengine walio hatarini ni waliozaliwa na hitilafu ya moyo, waliowekewa valvu ya bandia, waliowahi kuugua endokaditisi siku za nyuma, na wanaojidunga dawa za kulevya. Sindano chafu hupeleka bakteria wa ngozi moja kwa moja kwenye mshipa, na hata valvu isiyo na kovu huweza kushambuliwa.

Vijidudu vinatoka wapi

Mdomoni kwanza. Meno yaliyooza na fizi zinazotoa damu humwaga streptokoki kwenye damu siku nzima, wiki nzima. Kwenye ngozi kuna stafilokoki, anayeingia kupitia majipu, vidonda, au sindano ya dripu iliyokaa muda mrefu mkononi. Huyu ni mkali, anaweza kuharibu valvu kwa siku chache. Wengine hutoka kwenye utumbo na njia ya mkojo.

Wafugaji wana la ziada. Bakteria wa brusela huja na maziwa yasiyochemshwa. Yupo pia anayeleta homa ya Q, ambaye hupatikana kwa wingi kwenye kondo la mbuzi, kondoo na ng'ombe. Wote wawili wanaweza kushika valvu, na wote ni wagumu kuwapata kwa kipimo cha kawaida. Ukiwa umezalisha mbuzi kwa mikono mitupu miezi iliyopita, mwambie daktari. Hatadhani unampigia hadithi za zizini.

Damu ichukuliwe kabla ya dawa

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Ili kumjua bakteria aliye kwenye valvu, maabara huotesha damu: damu hutiwa kwenye chupa zenye chakula cha bakteria, wakisubiriwa wakue kwa siku kadhaa. Wakikua, wanatajwa jina, na zinajulikana dawa zinazowaua. Kwa kawaida huchukuliwa angalau mara tatu, kutoka sehemu tofauti za mwili. Tumewasikia ndugu wa wagonjwa wakilalamika kwamba damu inanyonywa. Ni kama mililita kumi kila chupa, na hakuna njia ya mkato.

Antibaiotiki za dukani huharibu kipimo hiki. Vidonge vya siku tatu au tano huwaua bakteria walio kwenye mkondo wa damu, homa inashuka, wote nyumbani wanashukuru. Wale waliojificha ndani ya kijinyama wako salama. Damu ikioteshwa wakati huo haioti kitu, na daktari anabaki kutibu kwa kukisia. Katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wa endokaditisi damu yao haikuotesha chochote. Takriban mmoja kati ya watatu alikuwa amekufa ndani ya miezi sita.

Kuna pia mazoea yetu ya kuiita kila homa malaria. Watafiti waliwachunguza kwa kina wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Wagonjwa 528 kati yao walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokutwa na malaria kweli kuwa chanzo cha homa hiyo walikuwa 14. Tangu hapo vipimo vya haraka vimeenea mpaka zahanati, na hilo limesaidia sana. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, swali la homa inatoka wapi bado linadai jibu, na mwenye moyo mbovu hana muda wa kusubiri jibu hilo kwa majaribio ya vidonge.

Matibabu na matokeo

Kabla ya penisilini kuanza kutumika miaka ya 1940, karibu kila aliyepata ugonjwa huu alikufa. Leo unatibika, ingawa hata palipo na vifaa vyote haujawa mwepesi: utafiti wa wagonjwa 3,116 kutoka nchi 40, nyingi za Ulaya, uliofanyika kati ya 2016 na 2018, ulionyesha kwamba 17 kati ya kila 100 walifia hospitalini.

Dawa hutolewa kwa mshipa, mara nyingi kwa wiki nne hadi sita. Familia nyingi huyumba hapo. Homa ikikatika wiki ya pili, mgonjwa anajiona mzima, shamba linasubiri, pesa ya chakula hospitalini imekwisha, na ndugu wanaomba ruhusa. Tunaijua hali hiyo, na hatutasema ni rahisi. Lakini kuondoka nusu ya safari ni kuwaacha bakteria waliokwisha kuzoea dawa. Ni afadhali kumwomba daktari aeleze siku zilizobaki na kumtafuta ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijawa kubwa.

Kipimo kinachoonyesha valvu ni eko ya moyo, mashine inayofanana na ile ya kuangalia mimba. Haiumizi. Wenye valvu iliyoharibika vibaya, kijinyama kikubwa, au homa isiyokubali dawa huhitaji upasuaji. Zamani safari hiyo ilikuwa ya India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 kazi hiyo inafanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ndiyo maana rufaa inayoandikwa mapema wilayani ina thamani kubwa. Mgonjwa anayefika akiwa bado anaweza kutembea ana nafasi kubwa kuliko anayefika kwenye machela.

Kama nyumbani yupo mgonjwa wa moyo

Dalili za kuangalia ni homa inayozidi siku chache bila chanzo kinachoeleweka, jasho la usiku, kukonda, uchovu, na pumzi kuwa fupi kuliko ilivyokuwa. Kwa wengine ugonjwa huenda pole pole kwa miezi na hufanana na kifua kikuu.

Aliyewahi kupata homa ya rumatiki apate sindano yake ya penisilini ya kila wiki tatu au nne bila kuruka, kwa miaka ambayo daktari amepanga. Katika REMEDY, ni zaidi kidogo ya nusu tu ya wagonjwa waliokuwa wakiipata. Meno yapigwe mswaki kila siku, wa dukani au wa mti, na jino bovu lishughulikiwe mapema. Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kuhusu moyo. Wenye valvu ya bandia na waliowahi kuugua endokaditisi hupewa dozi moja ya antibaiotiki kabla ya kung'oa. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa, usijinunulie.

Yule mama alituandikia tena siku mbili baadaye. Binti alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, damu imechukuliwa mara tatu, na daktari alikuwa ameyapanga maganda ya dawa mezani akiyasoma moja moja. Alikuwa anauliza kama wiki sita zinahesabiwa kuanzia siku ya kulazwa au siku ya dripu ya kwanza. Kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya dawa iliyo sahihi, na kama damu bado inaotesha bakteria, tangu siku ya kwanza ilipoacha kuotesha.