Treni Ikiwa Fasta, Nani Anarukwa?

Wasee, tunasifu sana treni ya saa tano, Nairobi hadi Mombasa. Poa. Lakini kasi hiyo ilirukia watu.

Reli ya Mwingereza ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Ilikuwa na kona mob na ilikimbia polepole, lakini huku Makueni ilijenga miji: Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud. Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu Makindu 1926, na hadi leo msafiri yeyote analishwa pale bure.

2017 ikaja SGR: reli pana, kona chache, madaraja marefu. Safari ya usiku kucha ikaisha. Lakini ndani ya Makueni, stesheni za abiria ni tatu tu: Mtito Andei, Kibwezi, Emali. Makindu na Sultan Hamud wanaiskia tu ikipita.

Na Kitui? Haikupata stesheni 1899, haikupata 2017. Msee wa Mutomo lazima ateremke kwanza hadi Kibwezi.

Kasi siipingi. Ila siku reli ikichorwa tena, kabla wahesabu dakika, wahesabu miji.