Pickup ya Mzee Imeoza? Anza na Kutu, Rangi Baadaye

Kama mzee amekuachia Peugeot 504 pickup huko Busia ama Malaba, usiuzie watu wa skrapu bado. 504 ndio Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally 1975, so iheshimu kiasi.

Kwanza pitisha sumaku kwa bodi. Ikikataa kushika, hapo kuna puti nene, na mara nyingi kutu imejificha chini. Cheki sana chini ya milango, juu ya tairi na sakafu ya kebini. Penye pameoza, fundi akate, achomelee bati mpya. Akikushow "hii tunajaza tu", hepa. Puti hunyonya maji, na vile Busia hunyesha, rangi itafura kabla umalize kulipa deni.

Halafu msasa, praima, ndio rangi. Taa, bampa na raba za milango zitolewe kabla ya kupuliza. Fundi mvivu hubandika gazeti tu, halafu rangi inabambuka kwa ukingo. Raba zikiwa zimekauka, weka mpya.

Umebadilisha kala? Badilisha pia kwa logbook, NTSA. Gari ya blue yenye logbook inasema nyeupe itakuanika jua pale boda ukijieleza.