Bastola kubwa, risasi nyepesi: Hoja iliyopimwa kando ya Mto Ruvuma

WAKAZI wengi wa vijiji vya Mtwara wanapotaja silaha, huwa na maana ya gobole la kufukuzia nguruwe mashambani, au bunduki ya askari wa doria kando ya Mto Ruvuma. Bastola ni kitu cha nadra, na wengi huiona kiunoni mwa ofisa wa polisi tu.

Hata hivyo, ukingo wa mto huo, kutoka mdomo wake katika Bahari ya Hindi hadi Ngomano unakopokea maji ya Mto Lugenda, uliwahi kukutanisha majeshi mawili yenye bastola za muundo mmoja, zilizobuniwa na mtu mmoja, lakini zikitumia risasi za vipenyo viwili tofauti. Wareno upande wa kusini walikuwa na risasi nyepesi. Wajerumani upande wa kaskazini walikuwa na risasi nzito zaidi.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala ambao haujamalizika hadi leo miongoni mwa majeshi, polisi na walenga shabaha: je, bastola kubwa ifyatue risasi kubwa inayolingana na umbo lake, au ni heri ibebe risasi ya wastani ili mkono wa mtumiaji usitikisike?

Bastola yenyewe ni Parabellum, ambayo wengi huiita Luger kwa jina la mbunifu wake, Georg Luger. Uswisi iliipokea kwa ajili ya jeshi lake mwaka 1900, ikiwa na risasi ya kipenyo cha milimita 7.65. Wanajeshi wa Ujerumani waliitazama wakaona risasi hiyo ni ndogo mno kwa vita. Luger hakubuni bastola mpya. Alichukua ganda lile lile la risasi, akalipanua shingo, akatia risasi ya milimita 9. Jeshi la Majini la Ujerumani likaipokea mwaka 1904 na la nchi kavu mwaka 1908.

Ureno haikufuata njia hiyo. Jeshi lake la nchi kavu lilinunua Parabellum za milimita 7.65 katika enzi ya Mfalme Manuel wa Pili, aliyetawala kuanzia 1908 hadi alipopinduliwa mwaka 1910. Bastola hizo zilichorwa alama ya mfalme huyo juu ya chemba, na mtutu wake ulikuwa wa milimita 120, mrefu kuliko ule wa milimita 100 uliotumiwa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani. Kwa maneno mengine, Mreno alikuwa na bastola ndefu kidogo na risasi ndogo kidogo.

Faida ya mpango huo inaeleweka kwa hesabu ya darasani. Risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma. Kasi ya kurudi nyuma hupatikana kwa kuzidisha uzito wa risasi na mwendo wake, kisha kugawanya kwa uzito wa bastola. Gesi ya baruti nayo huongeza kiasi fulani, lakini kwa kulinganisha inaweza kuachwa.

Risasi ya 7.65 Parabellum ina uzito wa takriban gramu 6 na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 370 kwa sekunde. Ile ya milimita 9 ya wakati huo ilikuwa na gramu 8 na mwendo wa mita 320 au zaidi kidogo. Katika bastola yenye uzito unaokaribia gramu 900, ya kwanza huirudisha nyuma kwa takriban mita 2.5 kwa sekunde, na ya pili kwa karibu mita 2.9. Kwa kuwa nishati inayopokelewa na mkono huongezeka kwa mraba wa kasi, mpigaji wa 7.65 hupokea pungufu ya karibu robo nzima.

Robo hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mtu asiye na mazoezi hukosa shabaha si kwa sababu macho yake ni mabovu, bali kwa sababu mwili wake unajua kishindo kinakuja. Hufumba macho, hukaza kiganja, huvuta kifyatulio kwa pupa, na mdomo wa mtutu huinama kabla risasi haijatoka. Risasi ya pili huwa mbaya zaidi kuliko ya kwanza. Bastola nzito yenye risasi pole humpunguzia hofu hiyo. Zaidi ya hayo, mtutu mrefu huweka mbali alama mbili za kulengea, hivyo kosa dogo la mkono huonekana mapema. Na mpini mpana huenea kiganjani, vidole vyote vikashika.

Ndiyo maana bastola ndogo ya mfukoni, ambayo wengi hudhani ni rahisi kutumia kwa kuwa ni nyepesi, huwa ngumu kulengea kuliko bastola kubwa inayofyatua risasi ile ile. Udogo wake unamfaa anayeibeba, na hapo hapo unamsumbua anayefyatua.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Si kila risasi ya "7.65" ni ile ile. Ipo 7.65 Browning, ya bastola ndogo za mfukoni, yenye ganda la milimita 17 na risasi isiyofikia gramu 5. Hiyo haiingiliani kabisa na 7.65 Parabellum, ambayo ganda lake lina milimita 21 na shingo iliyobanwa. Namba iliyochorwa kwenye mtutu haitoshi kumwambia mtu ni risasi gani inayofaa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Ruvuma, hoja hizo zilitoka kwenye karatasi. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno Machi 1916. Mwezi uliofuata Wareno waliitwaa Kionga, pembe ndogo ya ardhi kusini mwa mdomo wa mto ambayo Wajerumani walikuwa wameishikilia tangu 1894. Mei 27 walijaribu kuvuka mdomo wa Ruvuma kwa msaada wa manowari Adamastor na Chaimite, wakarudishwa kwa hasara. Septemba 1916, wakiongozwa na Jenerali Ferreira Gil, walifanikiwa kuvuka, na mwishoni mwa Oktoba wakaingia Newala.

Waliowazingira Newala mwezi Novemba waliongozwa na Max Looff, aliyekuwa nahodha wa manowari Königsberg, ile iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 1915. Bastola rasmi ya jeshi la majini alilotoka Looff ilikuwa Parabellum ya milimita 9 yenye mtutu wa milimita 150. Hivyo juu ya uwanda wa Wamakonde, muundo ule ule wa Luger ulikuwa bastola rasmi ya pande zote mbili.

Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba kipenyo cha bastola kiliamua lolote pale. Wareno walinyimwa visima vya maji vilivyokuwa bondeni, na mwishoni mwa Novemba waliihama ngome usiku. Kiu, malaria na bunduki za rashasha viliamua zaidi. Bastola ilikuwa silaha ya maofisa na ya wapiga rashasha, watu wachache katika kila kikosi. Askari wa kawaida alibeba bunduki, na wapagazi, ambao walikufa kwa wingi katika vita hivyo, hawakuwa na silaha yoyote.

Lakini tofauti ya kipenyo ilikuwa na uzito wake kwa upande mwingine, nao ni wa ugavi. Magazini ya Parabellum za aina zote mbili ni moja, na ganda la risasi lina kitako kile kile. Kinachotofautiana ni mtutu. Hata hivyo, risasi ya Mreno haikufaa katika bastola ya Mjerumani. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limekatiwa njia ya baharini na liliishi kwa kuteka. Lilipovuka Ruvuma na kuivamia kambi ya Wareno huko Ngomano, Novemba 25, 1917, lilipata takriban risasi 250,000. Zilikuwa na manufaa kwa sababu moja: lilizichukua pamoja na bunduki za Kireno zenyewe. Meja João Teixeira Pinto, aliyekuwa akiongoza kambi hiyo, aliuawa siku hiyo.

Wakati huo mataifa mengine yalikuwa yamekwishachagua upande. Marekani ilifanya majaribio mwaka 1904 katika machinjio ya Chicago, ikizipiga risasi ng'ombe na maiti kwa vipenyo mbalimbali, zikiwamo 7.65 na 9 za Luger. Wapimaji walihitimisha kwamba bastola ya kijeshi isipungue inchi 0.45. Kwao, risasi pole ilikuwa kasoro.

Uingereza ilianza na mawazo hayo hayo. Webley ya inchi 0.455 ilirusha risasi ya gramu 17, na ili mkono uistahimili, bastola ilitengenezwa na uzito wa kilo 1.1. Baada ya vita, wakubwa wa jeshi walikiri kwamba askari aliyefunzwa kwa muda mfupi hakuweza kuimudu vizuri. Mwaka 1932 walipokea Enfield ya inchi 0.38. Lakini walipunguza vyote viwili, risasi na bastola. Enfield ilikuwa nyepesi kwa karibu theluthi moja, hivyo sehemu ya upole uliotarajiwa ikapotea. Pamoja na hayo, bastola za 0.38 ndizo zilizoenea mikononi mwa majeshi na polisi wa makoloni ya Uingereza.

Ajabu ni kwamba vita vilipozuka tena ng'ambo ya Ruvuma, pande zilikuwa zimebadilishana. Ureno ilinunua Parabellum za milimita 9 kutoka Ujerumani mwaka 1943, na katika vita vya makoloni vilivyoanza mwaka 1961 ilitumia Walther ya kipenyo hicho hicho. FRELIMO, iliyoanzishwa Dar es Salaam Juni 1962, ilianza mapambano ya silaha Septemba 25, 1964, na silaha zake nyingi zilitoka katika nchi za Kisoshalisti kupitia Tanzania. Bastola ya kawaida ya nchi hizo ilikuwa Tokarev, yenye risasi ya milimita 7.62 na uzito wa gramu 5.5. Safari hii kipenyo kidogo kilikuwa upande wa kaskazini.

Tokarev lakini haipaswi kuitwa pole kwa sababu tu risasi yake ni nyembamba. Risasi hiyo hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 400 kwa sekunde, na kishindo chake ni kikali. Mfano bora zaidi wa bastola kubwa yenye risasi nyepesi ni ndugu yake mkubwa, Mauser ya mwaka 1896, ambayo maofisa wengi wa Ulaya waliinunua kwa fedha zao. Ilikuwa na risasi inayokaribia kufanana na ya Tokarev, lakini uzito wake ulizidi kilo moja, na ala yake ya mbao iligeuzwa kuwa kitako cha kuegemeza begani.

Katika siku hizi, wanaopenda mpango huo ni hasa walenga shabaha. Mashindano ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 hutumia kipenyo cha 0.22, chenye risasi ya gramu 2.6, katika bastola nzito zenye mpini uliochongwa kufuata kiganja. Kiwanda cha Beretta nchini Italia kilitoa katika miaka ya 1970 bastola ya 7.65 Browning yenye risasi 12, wakati za mfukoni za kipenyo hicho kwa kawaida hubeba saba au nane. Nchini humo sheria nayo ilichangia, kwa kuwa kwa miaka mingi raia walizuiwa kumiliki bastola za milimita 9 Parabellum.

Neno "pole" hata hivyo linamhusu anayefyatua tu. Kwa anayepigwa, gramu 6 zinazosafiri mita 370 kila sekunde hazina upole wowote. Silaha ambayo mkono dhaifu unaimudu, hata mkono wa mtoto unaweza kuimudu, na hilo ni jambo la kuogopesha kwa mtu anayeacha bastola kwenye droo ya meza.

Nchini Tanzania, sheria haijali upole huo. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka kila mmiliki awe na leseni, iwe bastola yake ni ya 0.22 au 0.45. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo, inayotaka silaha ziwekwe alama na kumbukumbu zake zitunzwe.

Mkoani Mtwara masharti hayo yana uzito wa pekee. Machafuko yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 yalivuka mto Oktoba 2020, wapiganaji walipokishambulia kijiji cha Kitaya. Tangu hapo silaha yoyote isiyo na karatasi katika vijiji vya mpakani, hata bastola kuukuu iliyoachwa na babu, inaweza kumletea mwenye nyumba maswali mazito. Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria.